Ukitaka Kuona Maporomoko, Anza na Kalenda

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari, na karibu kila anayenijia akitaka kuona maporomoko ya maji huanza na jina: Victoria, Niagara, Angel. Mimi humuuliza kwanza likizo yake iko mwezi gani. Wengi hushangaa. Wanadhani maporomoko ni kama mlima, kwamba yapo tu yanakungoja. Mlima kweli utaukuta. Maporomoko ni maji yaliyo njiani, na maji yana majira yake ya kupita. Ukifika Oktoba mahali palipofurika Aprili, unaweza kukuta ukuta wa mawe na michirizi michache, ukaanza kumlaani aliyepiga ile picha ya kwenye tangazo, kumbe yeye alifika kwa wakati.

Kwa hiyo kabla hujauliza nauli, uliza maji yanatoka wapi.

Chukua ramani, uweke kidole kwenye maporomoko, kisha upandishe mto hadi kwenye chanzo chake. Mto wa Zambezi ndio ninaopenda kuwafundishia watu. Maporomoko ya Victoria, ambayo wenyeji waliyaita Mosi-oa-Tunya tangu kabla David Livingstone hajayaona Novemba 1855, yana upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108. Mvua za pale hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi. Mtu wa hesabu za haraka atasema basi niende Januari. Lakini sehemu kubwa ya maji yanayoanguka pale hayakunyesha pale. Yalinyesha mbali, kaskazini-magharibi mwa Zambia na huko Angola, yakatandaa kwenye mbuga za mafuriko za Barotse, yakakaa humo wiki kadhaa, ndipo yakaendelea na safari. Mto hujaa kabisa mwezi wa Aprili, wakati mawingu ya pale yameshatawanyika na aliyekuja na mwavuli wa mvua anajiona mjinga mpaka asogee karibu na korongo.

Na kujaa si kuonekana. Aprili manyunyu hupanda juu mamia ya mita, kisha hukuangukia kichwani kwa uzito wa mvua. Unasimama mbele ya pazia la maji lenye upana wa karibu kilomita mbili na huoni kitu ila weupe. Unasikia tu, na ardhi unaihisi miguuni, na umelowa hadi soksi. Kuna watu wanaotaka hilo hasa, sitawakataza. Anayetaka kuyaona kwa macho, mwamba na maji pamoja, nampeleka Juni au Julai. Ikifika Oktoba na Novemba maji hupungua sana. Upande wa Zambia sehemu kubwa huweza kubaki mwamba mtupu, na kinachobaki hutiririka zaidi upande wa Zimbabwe. Hata hapo kuna wanaofaidi. Kipindi hicho cha maji machache ndicho kinachowezesha watu kuingia, wakiwa na waongozaji, kwenye kidimbwi kilicho ukingoni kabisa pale Kisiwa cha Livingstone. Mto ukijaa, kidimbwi hicho hakifikiki.

Mito ya theluji ina kalenda nyingine. Maporomoko ya Yosemite huko California yana jumla ya mita 739, na karibu maji yake yote ni theluji inayoyeyuka. Mei yananguruma. Agosti mara nyingi yamekauka. Mama mmoja aliyetaka kwenda Agosti na watoto wake nilimwekea mezani picha mbili za mwamba uleule, moja ya Mei na moja ya Agosti. Hakuniuliza swali jingine. Alikwenda kuomba ruhusa upya kazini. Rhine nayo, pale Uswisi inapoanguka mita 23 tu lakini kwa upana wa mita 150, hunona Juni na Julai theluji ya milima ya Alps inaposhuka. Iceland mito mingi mikubwa hutoka kwenye barafu, kwa hiyo maji mengi ni ya miezi ya joto ya huko, na usishangae ukikuta Dettifoss ina rangi ya saruji mbichi: ni unga wa mawe yaliyosagwa na barafu.

Kama nyuma ya maporomoko kuna ziwa, tulia. Ziwa hupokea mvua kwa pupa na kuitoa kidogo kidogo. Niagara ina maziwa manne makubwa juu yake, ndiyo maana haikauki. Maporomoko ya Murchison nchini Uganda yana Ziwa Victoria na Ziwa Kyoga mgongoni. Mto Nile mzima hubanwa kwenye ufa wa mwamba wenye upana wa takribani mita saba, kisha hutupwa chini mita 43. Sijui mahali pengine ambapo maji yanaonekana kukasirika namna ile, na unaweza kwenda mwezi wowote.

Angel, huko Venezuela, inahitaji mahesabu mawili. Yenyewe ni marefu kuliko yote duniani, mita 979, na kati ya hizo mita 807 ni mruko mmoja usioguswa na mwamba. Wenyeji Wapemon huyaita Kerepakupai Merú. Yanashuka kutoka juu ya mlima wenye kilele bapa, Auyán-tepui, ambako rubani Mmarekani Jimmie Angel alitua na ndege yake mwaka 1937, ikakwama kwenye tope, naye na wenzake watatu, akiwemo mkewe, wakashuka kwa miguu kwa siku 11. Wewe hutafika hivyo. Utaruka hadi Canaima, kisha utapanda mtumbwi wa injini mtoni. Hapo ndipo penye hesabu zote mbili: wakati wa kiangazi mto huwa na kina kidogo mno kwa mitumbwi, na maji yenyewe huwa haba kiasi cha kugeuka ukungu kabla hayajagusa chini. Msimu wa kufika ni Juni hadi Novemba. Nje ya hapo mara nyingi utayatazama kupitia dirisha la ndege, na mawingu yakikaa juu ya mlima huoni hata hilo.

Nani ameshika bomba?

Hili watu hawalitarajii. Maporomoko mengi maarufu yana mtu anayeyafungulia na kuyapunguza. Marekani na Kanada zilitia saini mkataba mwaka 1950 kwamba Niagara ibakiwe na maji yasiyopungua mita za ujazo 2,832 kwa sekunde mchana katika msimu wa watalii, yaani Aprili hadi Oktoba, na nusu ya hapo usiku na miezi ya baridi. Yanayobaki huruhusiwa kwenda kwenye mitambo ya umeme. Kwa hiyo anayesema atayatazama usiku chini ya zile taa za rangi kwa sababu usiku hakuna msongamano, ajue kwamba akichelewa sana anapata urembo mwingi na maji machache. Mwaka 1969 wahandisi wa jeshi la Marekani walikwenda mbali zaidi: waliyakausha kabisa maporomoko ya upande wa Marekani kwa miezi kadhaa ili wachunguze miamba, na watu wakaja kwa wingi kutazama mahali pasipo na maji.

Marmore, Italia, ni ya kuchekesha zaidi. Kwanza yalitengenezwa na binadamu: Warumi walichimba mfereji mwaka 271 kabla ya Kristo ili kukausha kinamasi, maji wakayaelekeza kwenye genge, yakapata mita 165 za kuanguka. Siku hizi maji hayo huenda kuzalisha umeme na hufunguliwa kwa ratiba. Ukifika saa isiyo yake utaona michirizi. Basi tafuta ratiba ya siku hiyohiyo, fika mapema, usimame chini ukingoje maji yaje. Jog, India, mita 253, nayo iko chini ya bwawa la Linganamakki. Nenda wakati wa mvua za monsuni, Julai hadi Septemba, au usiende. Tis Abay kule Ethiopia, kwenye Nile ya Buluu, maji yake mengi huchepushwa kwenda kwenye mitambo, kwa hiyo hapo fuata mwisho wa msimu wa mvua na uulize kwanza kama mto umeachiwa.

Gullfoss ya Iceland nusura iwe kwenye orodha hii. Mwanzoni mwa karne ya 20 wawekezaji walitaka kuifanya ya umeme. Sigríður Tómasdóttir, binti wa shamba lililokuwa jirani, alipigana nao miaka mingi, akitembea kwa miguu hadi Reykjavík kufuatilia kesi. Wakili wake, Sveinn Björnsson, baadaye akawa rais wa kwanza wa nchi hiyo mwaka 1944. Ukifika pale utaona kumbukumbu yenye sura ya huyo mama. Isome.

Usidanganywe na kimo

Watu hushindanisha mita. Tugela ya Afrika Kusini hutajwa kuwa na mita 948, ya pili baada ya Angel, lakini hushuka kwa ngazi kadhaa, ni nyembamba, na miezi ya ukavu hubaki mchirizi. Kule watu hupanda hadi juu ya genge kwa ngazi za minyororo, na kinachowafurahisha zaidi ni kusimama juu kuliko kutazama maji. Khone Phapheng ya Laos, kwenye Mekong, haifiki mita 25, ila inatanda karibu kilomita 11 ikijigawa katikati ya visiwa. Ukiitafuta kwa jicho la Angel utasema umepotea njia. Ukinipa nafasi ya kukuchagulia moja tu kwa uwiano wa kimo na wingi wa maji, nitakupeleka Guyana. Kaieteur huanguka mita 226 kwa mruko mmoja, na Mto Potaro ni mto hasa, si kijito. Nyuma ya pazia la maji hulala maelfu ya ndege waitwao teleka. Jioni hurudi kwa makundi na kupenya. Kwenye mimea mikubwa inayohifadhi maji katikati ya majani yake huishi vyura wadogo wa rangi ya dhahabu. Hakuna uzio ukingoni. Nitalirudia hilo.

Upande gani, saa ngapi

Maporomoko ya mpakani yana uso na ubavu. Iguazú, yenye maporomoko takribani 275 yaliyosambaa kilomita 2.7, sehemu kubwa iko Argentina, na huko unatembea juu ya madaraja hadi kwenye Koo la Shetani, maji yakipotea chini ya miguu yako. Brazil una picha nzima kwa mbali. Mwenye siku mbili ninampangia Brazil kwanza, ili aone umbo lote kabla hajaingia ndani yake. Mwenye siku moja, Argentina. Niagara kinyume chake: uso uko Kanada, Marekani unakaa begani mwa maji. Kwa Victoria, uliza viza ya pamoja ya Zambia na Zimbabwe inayoitwa KAZA. Ukifika mpakani umeamua kuvuka bila kujua kama viza yako ya kuingia mara moja inakuruhusu kurudi, siku yako itaishia kwenye foleni.

Saa huamuliwa na jua. Upinde wa mvua huonekana jua likiwa mgongoni mwako, na duara lake liko nyuzi 42 kuzunguka kivuli cha kichwa chako. Maana yake jua likipanda juu sana, upinde huzama chini ya upeo, na mtu aliye chini ya maporomoko haoni kitu. Aliye juu ya korongo akitazama chini bado anaweza kuuona. Kwa hiyo: simama, tafuta kivuli chako, kisha tazama kilipoelekea. Asubuhi tazama magharibi, jioni mashariki. Upande wa Kanada wa Niagara unatazama mashariki, ndiyo maana upinde wake ni wa alasiri. Skógafoss ya Iceland inatazama kusini, basi hapo jua la mchana linakutosha. Seljalandsfoss inatazama magharibi na ina njia inayopita nyuma ya maji. Ukiwa huko nyuma jua linapotua, unalitazama kupitia pazia.

Mwezi mpevu nao hufanya upinde. Victoria hufungua milango jioni za siku za mwezi mpevu, Yosemite huwa na upinde huo majira ya kuchipua, na Cumberland, Kentucky, inajulikana kwa huo. Kwa macho utauona mweupe mweupe; rangi utaziona kwenye kamera ukiiacha wazi kwa sekunde kadhaa. Maji mengi, anga safi, mwezi usio juu sana: kimoja kikikosekana, rudi ukalale.

Tukiwa kwenye kamera: maji laini yanayofanana na hariri hupatikana kwa shata ya nusu sekunde hadi sekunde moja, na stendi ya miguu mitatu. Ukitaka kila tone lisimame, nenda kwenye sehemu moja ya elfu ya sekunde. Siku ya mawingu ni bora kuliko ya jua kali, kwa sababu povu jeupe chini ya jua huunguza picha. Filta ya polaraiza huondoa mng'ao kwenye mawe na majani, lakini ukiizungusha hovyo itaufuta pia upinde wa mvua. Mimi hufunga kitambaa kidogo kwenye kifundo cha mkono kwa ajili ya kufuta lenzi. Kitambaa kilicho ndani ya mkoba hakisaidii, maana mkoba ukiufungua tu nao umelowa. Simu iwe kwenye mfuko wa plastiki unaofungika. Viatu viwe vya soli inayoshika, si kandambili, hata kama mwongozaji wako amevaa kandambili. Yeye anayajua mawe yale kwa majina.

Usalama

Hatari kubwa haiko chini ya maporomoko. Iko juu, mita hamsini au mia kabla ya ukingo, pale mto unapoonekana mtulivu na watu wanavua viatu ili wapoze miguu. Mwamba wa chini una utelezi wa mwani, mkondo una nguvu kuliko unavyoonekana, na hakuna cha kushika. Usiingie majini juu ya maporomoko mahali ambapo wenyeji wenyewe hawaingii. Kaieteur, pasipo uzio, kaa hatua kadhaa kutoka ukingoni. Ukitaka kuchungulia, lala kifudifudi kwenye mwamba mkavu na mtu akushike miguu.

Chini ya maporomoko kuna jambo ambalo waogeleaji hodari hawalijui. Maji meupe yamejaa hewa, na maji yenye hewa hayakubebi. Mkono wako unapiga povu. Juu ya hapo, maji yanayoanguka hutengeneza mzunguko unaorudisha kila kitu chini ya mruko, kigogo cha mti au mtu. Ogelea kwenye dimbwi lililo mbali na mapigo, mahali ambapo maji yamerudia rangi yake. Na uliza kanuni za mwaka huu. Krka ya Kroatia, ambayo picha zake za watu wakiogelea bado zimejaa kila mahali, ilipiga marufuku kuogelea kwenye maporomoko yake maarufu ya Skradinski Buk tangu Januari 2021.

Kwenye mito midogo ya milimani, angalia rangi. Maji yakibadilika ghafla kuwa ya kahawia, yakaanza kuleta majani na vijiti, au mngurumo ukabadilika sauti, ondoka, panda mahali pa juu bila kukusanya vitu. Mvua inaweza kuwa inanyesha mahali usipopaona wakati wewe una jua.

Usiahirishe sana

Maporomoko hufa. Guaíra, kwenye mpaka wa Brazil na Paraguay, yalikuwa miongoni mwa yenye maji mengi kuliko yote duniani hadi mwaka 1982, bwawa la Itaipú lilipoyafunika. Ecuador ilikuwa na San Rafael, takribani mita 150 kwenye Mto Coca. Tarehe 2 Februari 2020 mto ulitoboa shimo nyuma ya ukingo wake, ukapita chini, na wageni waliokuja baadaye wakakuta tao la mwamba na genge kavu. Hakuna aliyelifunga bomba, mto uliamua.

Basi nipe mwezi wako. Januari, kama baridi haikutishi, nenda Montmorency karibu na jiji la Québec: mita 83, kimo kinachoipita Niagara, na manyunyu huganda yakajenga kilima cha barafu chini yake. Nusu ya pili ya Februari, Yosemite tena, lakini kwa maporomoko madogo ya Horsetail, ambayo jua la machweo huyawasha rangi ya moto kwa dakika chache kama kuna maji na hakuna wingu. Aprili, Zambezi ya kulowa. Mei, Yosemite ya kunguruma. Juni, Rhine, au Zambezi ya kuonekana. Julai na Agosti, Iceland, au Jog ukivumilia matope. Septemba, Angel. Oktoba, kidimbwi cha Kisiwa cha Livingstone. Desemba watu wengi hunililia Iguazú, na sina sababu ya kuwakatalia: kuna joto na kuna watu, lakini maji huwa yapo. Omba tikiti ya asubuhi, na uende kwenye Koo la Shetani kabla ya kila kitu kingine.